Imeili ya ofisi imesimbwa sawa, lakini nani kaituma?

Wenye biashara wengi ukiwauliza imeili zenu ziko salama wanakujibu ndiyo tumeweka TLS, afu mambo yanaishia hapo. TLS lazima iwepo, inasimba ujumbe (inaugeuza usisomeke) ukiwa njiani kutoka seva hadi seva ili anayechungulia katikati asiambulie kitu, ila haikwambii kabisa kama aliyeandika ndo yule unayemdhani. Hayo ni mambo mawili tofauti jamani, na linaniuma kwa sababu watu wanapoteza hela kwa kuyachanganya.

Shida yenyewe ya zamani. SMTP, utaratibu unaosafirisha imeili mpaka leo, uliandikwa 1982 enzi mtandao una watu wachache wanaoaminiana, kwa hiyo kwenye jina la mtumaji mtu anajaza anuani yoyote, hata ya bosi wako, na SMTP yenyewe haihoji.

Dawa zinakaa kwenye DNS ya domeni yako (domeni ni lile jina linalofuata @ kwenye anuani, DNS ni orodha ya wazi ya mtandaoni yenye maelezo yake). SPF inataja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lenu. DKIM inabandika sahihi ya kidijitali kwenye ujumbe, mtu akichezea maneno njiani sahihi inagoma (tumia ufunguo wa biti 2048, wa 1024 umeshazeeka). Lakini yenye meno ni DMARC, maana SPF inakagua anuani ya kurudishia ujumbe ulioshindikana, ambayo msomaji hata haioni, DMARC ndo inayodai domeni inayoonekana kwa macho ilingane na iliyopita SPF au DKIM, na inamwambia mpokeaji afanyeje isipolingana.

Na hapa ndo wengi wanalala. Kwenye DMARC wanaandika p=none, yaani usifanye kitu, basi wanaona wamemaliza. p=none haizuii chochote, inaangalia tu! Kaa nayo wiki kadhaa, weka anuani ya kupokelea ripoti na uzisome kweli, unaweza kukuta mfumo wa ankara na ile huduma ya matangazo vinatuma kwa jina lenu na hakuna aliyeviweka kwenye SPF (ambayo nayo inaruhusu kuulizia DNS mara 10 tu, ukizidisha inafeli yote). Vikishakaa sawa panda quarantine (ujumbe usiolingana unawekwa kando kama wa kutiliwa shaka), kisha reject (unakataliwa kabisa). Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawadai wanaotuma kwa wingi wawe na vyote vitatu, lakini p=none inawatosha wao, wewe haikutoshi.

Kwa mikataba na mishahara TLS haitoshi, kila seva inayopitisha ujumbe inaweza kuusoma. Hapo unahitaji S/MIME au PGP, unasimba kwenye kompyuta yako anafungua mpokeaji tu. Funguo zina usumbufu, sikatai, na kichwa cha ujumbe (subject) kwa kawaida kinabaki wazi, usiandike siri pale.

Sasa kuna kitu DMARC haigusi, domeni inayofanana na ya mtu, herufi moja imebadilishwa, ina SPF na DKIM safi kabisa. Na kuna wanaojiita tu jina la mteja wako. Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alichota zaidi ya dola milioni 100 kwa Google na Facebook kati ya 2013 na 2015 kwa imeili na ankara feki, akijifanya msambazaji wao wa vifaa. Kwa hiyo watu wa malipo wakipata imeili ya kubadilisha akaunti ya benki, wapige simu kwanza, kwa namba iliyoko kwenye faili tangu zamani, sio iliyoandikwa chini ya hiyo imeili.