Siku yangu na watoto wa maandalizi msituni Jozani

Saa 12:00 asubuhi. Nipo skuli kabla ya watoto. Nakagua maji ya kunywa, mihogo ya kuchemsha, mandazi na nguo za akiba, maana kwa watoto wa miaka 4 na 5 nguo za akiba hazikosi kazi. Wazazi wakianza kufika, nakagua viatu. Aliyekuja na ndara anavishwa raba kutoka kapu letu, kwani mizizi ya msituni imetokeza juu ya ardhi na ndara huteleza.

Saa 1:30. Tunaondoka mjini Zanzibar. Jozani ni kama kilomita 35, kusini mashariki. Wanaimba mpaka Tunguu, kisha wanasinzia. Nawaamsha kwenye matuta ya karibu na msitu, ili wajue kuwa yaliwekwa baada ya kima wengi kugongwa na magari wakivuka barabara.

“Kwa nini hawatazami kulia na kushoto?” mmoja akauliza.

Dereva akamjibu: “Natazama mimi kwa ajili yao, mwanangu.”

Saa 2:30. “Shikamoo babu!” Wote kwa sauti moja. Mtembezaji wetu ni mtu mzima, na nilishamuomba asianze na historia. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, nami naionea fahari, lakini mtoto wa miaka 4 habari hiyo haikai kichwani. Habari ya kima inakaa.

Tuliwakuta ukingoni mwa msitu wakila majani machanga: mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kuuzunguka. Babu akasema, “Nionesheni mikono. Sasa ficheni gumba.” Gumba la kima punju, ndiye huyu wa mgongo mwekundu, limebaki kinundu tu. Nikawapa vijiti wavishike kwa vidole vinne. Wengine vikawaponyoka, mpaka mmoja akakunja vidole kama ndoana na kijiti kikakaa. Hivyo ndivyo kima anavyoshika tawi.

Mtoto mwengine akatoa ndizi mbivu mkobani amrushie. Babu akamzuia kwa upole: tumbo la kima huyu lina vyumba vya kuchachusha majani, na tunda bivu lenye sukari linamdhuru. Embe changa anakula. Hata makaa anakula, yampunguzie sumu ya majani ya miembe na mikungu.

“Makaa ya jikoni?”

“Ya jikoni hasa.”

Walicheka mno, na ndizi ikarudi mkobani bila kilio. Wenye mafua niliwashika mkono nyuma kabisa, kwani maradhi yetu yanaweza kumwambukiza kima. Mnyama huyu kwa asili yake yupo Unguja peke yake. Waliopo Ngezi, Pemba, walipelekwa miaka ya 1970. Kwangu mimi, mtoto wa Unguja kumuona kima punju ni haki yake, isiwe jambo la wageni tu.

Saa 4:30. Mikoko ya Pete, kijiji cha jirani na msitu. Mwezi uliandama juzi, kwa hiyo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na sasa yamekupwa. Wapo wanaopenda kuja maji yakijaa, picha hutoka nzuri, ila kwa watoto wadogo mimi nachagua tope. Tulilala kifudifudi kwenye daraja la mbao, pua zikiwa kwenye mianya. Chini yetu mizizi ya kupumulia ya mchu, aina ya mkoko, imechomoza, na katikati yake kaa dume analipunga gando lake moja kubwa. Watoto wakampungia. Akaingia shimoni. Wakanyamaza wenyewe, bila mimi kusema neno, mpaka akatoka tena, wakampungia tena. Muda mwingi ulikwenda hapo, na sikuwaharakisha. Daraja hatukulimaliza.

Saa 6:30. Chakula, sala, na nguo za akiba zikapata kazi yake.

Saa 8:30. Tupo skuli. Wanawaonesha mama zao mikono isiyo na gumba, wanaelezea makaa. Mama mmoja akaniuliza, “Mwalimu, na huyu mdogo wake nikitaka kumpeleka Jumapili hii?” Nikamwambia kima atawaona, ila kama anataka na kaa, angoje mwezi ufike kumi na tano, bamvua irudi, awahi gari ya asubuhi, na ndizi aziache nyumbani.