Jinsi nilivyounda krioli ya Kiingereza na Kijerumani

Hadithi niliyokuwa nikiiandika inatokea katika kisiwa cha kubuni kwenye Bahari ya Pasifiki, na wahusika wake walihitaji lugha yao. Kisiwa hicho nilikipa historia ya Guinea Mpya: Wajerumani walianza kutawala huko 1884, kisha 1914 vikosi vya Australia vikautwaa mji wa Rabaul, na Kiingereza kikashika hatamu. Lugha ya wahusika ilipaswa kubeba enzi zote mbili. Nimeiita Hafentok, maongezi ya bandarini.

Kuchanganya kamusi mbili hakuzai krioli, hasa kamusi za lugha za ukoo mmoja kama hizi. Krioli ni lugha inayozaliwa pale watu wasio na lugha ya pamoja wanapolazimika kuishi pamoja, na mara nyingi watoto ndio wanaoikomaza. Kwa hiyo kabla ya kutunga neno hata moja nilisoma habari za Unserdeutsch, krioli halisi ya Kijerumani. Ilianzia Vunapope, misheni ya Kikatoliki karibu na Kokopo, katika kisiwa cha New Britain, ambacho leo ni sehemu ya Papua Guinea Mpya. Watoto wa baba wa kigeni na mama wenyeji walilelewa hapo, wakafundishwa Kijerumani sanifu na kukatazwa Tok Pisin, krioli ya huko yenye maneno mengi ya Kiingereza. Bwenini, wao kwa wao, wakaunda lugha yenye maneno ya Kijerumani na mpangilio unaofanana sana na wa Tok Pisin. Baada ya uhuru wa Papua Guinea Mpya mwaka 1975 wengi wao walihamia Australia, na sasa wanaoizungumza ni wazee wachache tu. Habari hii inaniuma kila ninapoirudia. Watoto waliotengwa na kwao walijitafutia lugha, nayo inaondoka pamoja nao.

Msamiati wa Hafentok niliugawa kwa kufuata historia. Mambo ya kanisa, shule na jikoni yamebaki na Kijerumani: "kirk", "shul", "lefel" (kijiko). Mambo ya serikali, duka na injini ni ya Kiingereza: "taks", "stoa", "lori". Neno "gift" lilinipa kazi, kwani kwa Mwingereza ni zawadi na kwa Mjerumani ni sumu. Misheni ilitangulia kufika, basi likabaki sumu. Zawadi ikawa "presen".

Kazi kubwa ilikuwa kwenye maneno ya kuuliza. "Wer" ya Kijerumani inauliza nani, lakini sikio la Kiingereza linasikia wapi. "Wo" inauliza wapi, nalo linasikia nani. Hapo nikajiuliza krioli nyingine zilifanyaje. Krioli ya Haiti husema "ki moun", yaani mtu gani, na "ki kote", mahali gani. Nasi kwa Kiswahili twasema mtu gani na mahali gani bila tabu. Nikachukua "welch" ya Kijerumani, yaani gani, nikatunga "welkman" (nani), "welkplas" (wapi) na "welktaim" (lini), na mkanganyiko ukaisha.

Sarufi niliipunguza sana. Jinsia tatu za nomino za Kijerumani zikaondoka, ikabaki "de" peke yake, kama ilivyo katika Unserdeutsch. Wingi unaonyeshwa na "alle" mbele ya nomino. Kitenzi hakibadiliki; wakati unabebwa na vijineno vinavyokitangulia: "bin" kwa lililopita, "wil" kwa lijalo, "blaib" kwa linaloendelea. Anayezungumza Kiswahili atajiona nyumbani, maana -li-, -ta- na -na- nazo hutangulia mzizi. "Alle kint bin blaib sing in de shul" ni watoto walikuwa wakiimba shuleni.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote nilikichukua kwenye Tok Pisin, inayotofautisha "yumi", sisi pamoja nawe, na "mipela", sisi bila wewe. Hafentok ina "dumi" na "wi". Katika sura ya nne mama mmoja anamwambia askari aliyekuja kuchukua watoto: "Wi wil blaib hia," yaani sisi, bila wewe, tutabaki hapa. Askari huyo amezaliwa kisiwani, anaielewa lugha vizuri, na kwa neno moja anajua ametolewa nje ya kundi. Kwa sentensi hiyo tu, miezi ya kazi ilinilipa.

Kisha niliwapa kurasa rafiki zangu wawili wazisome kwa sauti, mmoja akijua Kiingereza tu, mwingine aliyesoma Ujerumani. Pale wote wawili walipokwama nilibadilisha tahajia. Alipokwama mmoja niliacha.

Tarakimu bado sijaziunganisha, wala sikusudii. Wazee waliosoma misheni huanza na mamoja, kama Wajerumani: 21 ni "ain un zwansik". Vijana wa bandarini husema "twenti wan", na kila mmoja humsahihisha mwenzake wakihesabu samaki.