Kisanduku kitupu si sifuri

Watafiti chipukizi ninaowafundisha hufika na hamu ya kujenga modeli, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutoka kwenye data, za kubashiri ukatili wa nyumbani. Mimi huwaanzishia safu moja tu ya jedwali la majibu ya mahojiano: "Je, mwenzi wako amewahi kukupiga?" Baadhi ya visanduku viko wazi, na hakosi mtu wa kuvijaza sifuri, yaani "hapana". Hapo tunakaa sana. Huenda mume aliingia chumbani mahojiano yakiendelea. Huenda swali lilirukwa. Kompyuta haitakuambia.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au kingono, mara nyingi na mwenzi wake. Rekodi za polisi huonyesha waliofika kituoni tu. Modeli iliyofunzwa kwazo hujifunza nani huripoti, siyo nani anaumizwa.

Kuandika programu wanakuweza (kunishinda mimi, kusema kweli). Kinachoninyima usingizi ni faili lenye umri, kazi na idadi ya watoto: jina limefutwa, lakini mume angemtambua mkewe. Basi zoezi linalofuata ni hili: wamtafute mtu mmoja ndani ya data niliyoibuni, kisha waseme wangeficha nini.