Mraba usioonekana kwa jicho moja: nilivyoutengeneza kwa sarafu kumi

Nilichoka kusikia kwamba kuona kina kwenye picha bapa kunahitaji miwani ya sinema ya 3D. Kinachohitajika ni macho mawili yaliyoachana kama sentimita sita, na ubongo wa kulinganisha picha zao mbili. Nilitaka wanafunzi wa sekondari hapa Busia wauone ulinganishaji huo wenyewe, bila kompyuta.

Charles Wheatstone alionyesha mwaka 1838, kwa vioo viwili, kwamba michoro miwili bapa huungana ikawa umbo lenye kina. Lakini michoro yake ilitambulika hata kwa jicho moja. Béla Julesz, mwaka 1960, aliondoa umbo lenyewe: akabaki na vidoa ovyo tu, na kina kikaonekana bado. Nikaamua kuiga yake: karatasi mbili za vidoa ovyo, ambazo zikitazamwa pamoja, mraba wa katikati huelea juu.

Karatasi ya grafu ya miraba ya milimita 2. Chora eneo la 30 kwa 30, yaani milimita 60 kila upande. Miraba 900 hiyo; ukirusha sarafu moja moja utalala hapo. Hapa najisifu kidogo: nilitia sarafu kumi za shilingi mia za Uganda kwenye kikombe, nikatikisa, nikazimwaga na kuzipanga mstari jinsi zilivyoanguka. Upande wa ng'ombe ni mraba mweusi, wa nembo ni mweupe. Mimwago mitatu kwa kila mstari, tisini kwa jumla, na chai ilikuwa haijapoa sana.

Hiyo ni karatasi ya kushoto. Ya kulia unanakili vilevile, isipokuwa katikati: safu wima 11 hadi 20, mistari 11 hadi 20, zisogeze mraba mmoja kushoto, ziingie safu ya 10 hadi 19. Safu ya 20 itabaki na miraba kumi mitupu. Usiiache tupu! Mstari mweupe utamwonyesha kila mtu mahali pa kutazama. Mwaga sarafu upya mara moja, ujaze.

Mara ya kwanza niliona mraba mmoja ni ubahili, nikasogeza mitatu. Ilikuwa aibu. Kwa umbali wa sentimita 30 hiyo ni pembe ya zaidi ya digrii moja machoni, na ubongo una mpaka wa tofauti unayoweza kuunganisha. Macho yakiunganisha katikati, pembeni kunaonekana mara mbili. Yakiunganisha pembeni, katikati panakuwa vurugu. Kusogeza mraba mmoja hakuzidi nusu digrii, na hapo ndipo picha mbili ziliungana. Kila kidoa cheusi kina wenzi wengi wa uongo kwenye karatasi ya pili, yaani vidoa vinavyofanana nacho lakini si nakala yake. Ubongo hushinda kwa kuwa vidoa jirani vyote vinakubaliana juu ya umbali uleule.

Kutazama: weka karatasi ubavu kwa ubavu, simamisha kipande cha boksi cha sentimita 30 katikati, pua iguse ukingo wake wa juu. Macho yaelekee mbali, kana kwamba unatazama mbali kwa kupenya meza. Shida ni kwamba macho yakielekea mbali, lenzi nazo hutaka kulenga mbali, vidoa vinafifia. Miwani ya kusomea ya +3, ile ya barabarani ya elfu kadhaa, inamaliza hilo. Mwenye uso mwembamba anaweza kushindwa kwa sababu nyingine: macho yake yameachana chini ya milimita 60, umbali wa kati ya vitovu vya michoro miwili inayogusana. Mpe fotokopi iliyopunguzwa hadi asilimia 80.

Mwenzangu mmoja alisisitiza, "Mwalimu, waambie wakodolee ncha ya pua." Ushauri mbovu kwa mpangilio huu. Macho yakipishana, jicho la kulia linapata karatasi ya kushoto, tofauti inageuka, na mraba uliopaswa kuelea juu unazama kama shimo.

Jaribio la uhalali: funga jicho moja. Ukiona mraba, umekosea kunakili. Taarifa za macho mawili husafiri zikiwa zimetengana hadi gamba la kuonea, sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya kichwa. Huko ndiko seli moja hupokea kutoka kwa yote mawili, nyingine zikiitikia cha karibu, nyingine cha mbali. Aliyekuwa na makengeza tangu utotoni huenda asione kitu, hata akitazama saa nzima, usimwambie hajitahidi.

Tumia kalamu ya wino mweusi. Penseli inang'aa chini ya taa, na mng'ao hauko mahali pamoja kwa macho mawili.