Kanda za harusi kwenda DVD: mradi ulipofikia

Jumamosi

Kanda ndogo za DV za familia, zote isipokuwa moja, zimeshaingia kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire. Kanda ya saa moja inakula karibu gigabaiti 13, na hadi diski ya nje imejaa pomoni. Sasa imebaki kazi yenyewe hasa: kutoa DVD ambazo shangazi zangu wataziweka kwenye deki zao, wabonyeze kitufe kimoja, harusi ianze. Hawataki flashi wala simu. Wanataka diski yenye kasha lake, na nia yangu ni wapate hivyo hivyo wanavyotaka.

Wengi wanaoniuliza habari ya kuchoma DVD nawakuta wamekwama mahali pamoja. Windows inakuuliza kama diski itatumika kama flashi au kwenye deki ya CD na DVD. Ukichagua hilo la pili unaona mambo yamekwisha, kumbe imenakili faili la MP4 kama lilivyo. Deki za karibuni huenda zikalisoma, lakini deki ya zamani haina habari nalo. Yenyewe inatafuta folda ya VIDEO_TS, ndani yake mna faili za IFO, BUP na VOB, na picha iwe imebanwa kwa muundo wa MPEG-2. Kwa sisi tunaotumia PAL, mfumo wa televisheni wa kwetu, hiyo ni nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na sauti ya kilohezi 48. Vitu hivyo vikikosekana, ubadilishe programu za kuchoma mpaka uchoke, deki haitasoma.

Jumapili

Kuandaa folda hiyo nimeikabidhi programu ya DVDStyler. Ni ya bure, na kazi nzito inafanywa na ffmpeg na dvdauthor zilizomo ndani yake. Nimeweka vipande vya dakika tano tano ili rimoti iweze kuruka, na menyu nimeiondoa kabisa: diski ikiingia, picha inaanza.

Hesabu ya ubora ni rahisi. Diski ya kawaida inabeba baiti bilioni 4.7. Ukizigawa kwa saa mbili unapata kama megabiti 5.2 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Mimi naipa sauti, ya muundo wa AC3, kilobiti 192, picha naiwekea 4.8, kinachobaki ni nafasi ya kupumulia. Shughuli ya saa moja unaweza kuipandisha sana, ila picha isivuke 9.8, ndio ukomo wa DVD.

Kilichonichukua muda ni mpangilio wa mistari. Kamera ya DV inagawa mistari ya kila fremu nusu mbili zinazopishana mstari kwa mstari, na huanza na ile ya chini. Usipoiambia programu hivyo, inaweza kuanza na ya juu. Kwenye skrini ya kompyuta huenda usione chochote. Kwenye televisheni, pale wazee wanapocheza kirumbizi, fimbo inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena, kama mtu anatetemeka baridi. Aliyesimama tuli anaonekana sawa. Kwa hiyo jaribu lako lifanyie pale penye vurugu, si pale bibi harusi ameketi.

Jumatano

ImgBurn ndiyo imenipendeza kuliko zote kwa kuchoma. Toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013, na bado linafanya kazi safi. Ukiipa folda ya VIDEO_TS inatambua kwamba hii ni DVD ya video, inajitolea kurekebisha mpangilio wa faili kwenye diski uwe ISO 9660 pamoja na UDF 1.02, ambao deki inautarajia, na ikimaliza kuchoma inahakiki diski nzima. Haibadilishi video hata kidogo, na hilo nalipenda: kila programu na kazi yake. Kwenye Linux nimetumia programu ya K3b, mradi wa DVD ya video, folda ile ile, na deki imesoma vilevile.

Diski nimechagua DVD-R, maana deki kongwe huelewana nazo zaidi kuliko DVD+R. Mwendo wa kuchoma ni 4x, kama dakika 14 kwa diski iliyojaa. Juu naandika kwa kalamu ya wino wa maji. Stika za karatasi sizitaki, zikikaa upande diski inayumba ikizunguka.

Jioni nikaipeleka kwa shangazi mkubwa. Deki ikanguruma kidogo, picha ikatoka.

“Rudisha hapo, mwanangu. Huyo aliyepita na sinia ni nani?”

Nikarudisha kipande kimoja kwa rimoti. Alikuwa jirani yao wa zamani. Shangazi akamtazama mpaka akaridhika, ndipo tukaendelea.

Zilizobaki

Harusi ya kaka imezidi saa tatu. Diski za tabaka mbili zinabeba baiti bilioni 8.5, lakini ni ghali na baadhi ya deki huganda kidogo zikihama tabaka. Nitaigawa kwenye diski mbili: ya kwanza inaishia kwenye nikaha, ya pili inaanza na karamu. Kanda moja ina ukungu, sijaigusa. Hiyo inahitaji fundi kabla haijaingia kwenye kamera yoyote.