Jinsi nilivyotandika foili chini ya mabati ya nyumba yangu Njombe

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai bati hupoa haraka kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke wa jikoni na wa pumzi za waliolala hupanda darini, hugusa bati hilo na kugeuka matone, ambayo alfajiri hudondokea siling bodi na kuacha madoa ya rangi ya chai. Wengi hudhani paa linavuja, wakamlipa fundi azibe matundu yasiyokuwepo. Nilipoamua kuezeka upya, nilitaka chini ya bati liwepo tabaka la foili, yaani karatasi ya alumini, la kuyapokea maji hayo na kuyatoa nje.

Tulisubiri mvua za masika zikatike ndipo tukabomoa paa la zamani. Nilichagua foili yenye nyuzi zilizofumwa ndani, kwa kuwa ile nyembamba huchanika upepo ukiipiga kabla bati halijafika. Roli lililazwa sambamba na fisha bodi, yaani ubao wa ukingo wa chini wa paa, tukaanzia ukingo wa chini kuelekea kigongoni, kila safu ya juu ikiilalia ya chini kwa sentimita 15. Pale ukingoni foili ilipitishwa juu ya fisha bodi mpaka ikaning'inia ndani ya gata, mfereji wa kukusanya maji ya paa, kwa sababu maji yakiishia nyuma ya ubao huo yatauozesha.

Ubishi ulikuja kwenye papi, yaani mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa juu yake. Fundi alizoea kuzipigilia moja kwa moja juu ya foili, nami nilitaka kwanza mbao nyembamba zifuate mgongo wa kila kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ndipo papi zilazwe juu yake. "Mwalimu, hizo mbao unazitupa bure," aliniambia. Nilimwomba apigilie papi moja kwa namna yake, kisha nikamwaga kikombe cha maji juu yake. Yalituama nyuma ya papi na kuanza kupenya kwenye tundu la msumari. Hakubisha tena, ingawa gharama ya mbao, hata katika mkoa huu wa misitu ya misindano, haikuwa ndogo. Nafasi inayobaki kati ya foili na bati ina faida nyingine: foili hurudisha joto la jua ikiwa tu inatazamana na hewa, lakini ikigusana na bati hupitisha joto kama bati lenyewe.

Kwa kuwa foili haipitishi mvuke, unyevu ungeweza kugeuka matone chini yake pia, kwa hiyo tulitoboa matundu ya hewa yenye wavu kwenye kuta za pembetatu za pande zote mbili. Nyaya za umeme niliagiza zipitishwe baadaye ndani ya mabomba, mbali na foili, maana nayo hupitisha umeme. Nchini Australia mwaka 2009 na 2010 kuna mafundi waliokufa kwa umeme wakiweka foili kwenye dari.

Baridi ya mwaka uliofuata siling bodi ilibaki kavu, na asubuhi maji yalionekana yakichuruzika kutoka ncha ya foili kuingia kwenye gata hata siku ambazo mvua haikunyesha. Kelele za mvua hazikupungua kama muuzaji alivyoniahidi. Kwa hilo ingebidi kuongeza sufi nene juu ya dari, na fedha ilikuwa imekwisha.