Love and Rockets: usilipie hadithi mara mbili
Muuzaji wa mitumba pale Nakuru akikupa Love and Rockets, vitabu vya katuni vya ndugu wa Hernandez, fungua kwanza orodha ya yaliyomo; jalada hudanganya. Music for Mechanics ni juzuu ya kwanza ya mpangilio wa zamani, na imechanganya kazi za Jaime na Gilbert Hernandez. Maggie the Mechanic, ya mpangilio mpya wa 2007, ni ya Jaime peke yake. Ukibeba zote mbili, Jaime umemlipia mara mbili.

Shika mpangilio wa 2007: Maggie the Mechanic, kisha Heartbreak Soup ya Gilbert. Ila humo hutaipata BEM, hadithi ya Gilbert! Imewekwa kwenye Amor y Cohetes, kapu la masalio. Locas ya 2004, nzito kama tofali, hurudia yaleyale ya Jaime. Matoleo 50 ya awali ya jarida lenyewe, ya 1982 hadi 1996, waachie wenye pesa za kuchezea.